Kikopo cha Asubuhi

Goti langu la kushoto lilianza kwa sauti. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye matuta ya viazi, nikainuka, nalo likatoa mlio wa kuni kavu inayovunjwa. Shoga yangu niliyekuwa naye shambani akageuka na kuuliza nani amekanyaga tawi. Tukacheka. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, nimezaa watoto watano, nimelima tumbaku tangu niolewe, na sikuwahi kulifikiria goti hata siku moja.

Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaokaa kwenye yale mabenchi ya hospitali wakiwa wamekunja kanga chini ya paja ili goti lisining'inie. Mambo ya kitaalamu waulizeni wataalamu. Mimi nitasema yaliyotokea nyumbani kwetu, na kosa langu nitalisema pia, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nyumbani kwetu ni kijijini, barabara ya Ulyankulu, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari mpaka Tabora mjini. Wakati huo tulikuwa watatu. Mimi, mume wangu Baba Eliza, ambaye ni mrina asali, na mama yake mzazi, tuliyemwita Mayu, yaani mama kwa Kinyamwezi. Watoto wameshaondoka, kila mmoja na maisha yake. Mayu alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu, mrefu, mwembamba, na akienda kanisani alitutangulia sote. Alipenda kusema kwamba wao ni watu wa miguu. Babu zake walibeba pembe za ndovu kutoka huku hadi pwani, wakarudi na vitambaa, na hakuna aliyerudi akilalamikia goti. Maneno hayo aliyasema tena siku aliponiona nimeshika ukuta ili nisimame.

Kwetu mke humsalimia mama mkwe kwa kupiga magoti. Hakuna anayekufundisha kwa maneno, unawaona wenzako na wewe unafanya. Kila asubuhi kwa miaka karibu thelathini nilikwenda mbele ya mlango wa Mayu, nikapiga magoti yote mawili chini, nikasema, "Mwangaluka, Mayu," naye akaitika. Msimu ule wa palizi goti lilikataa. Nilishuka nusu, nikakwama hapo hapo, sipandi wala sishuki, mpaka Baba Eliza akaja kunishika kwapa. Kesho yake nilimsalimia nimesimama, nimeinamisha kichwa. Aliniangalia miguuni, akaitika kwa sauti ndogo.

Siku chache baadaye alianza kunipa mgongo. Akisikia hatua zangu anageukia ukutani, anapekuapekua kapu lake, na salamu anaijibu akiwa huko huko. Lilinichoma moyo jambo hilo. Nilimwambia Baba Eliza kwamba mama yake ameninunia. Akasema, "Mzee huyo, mvumilie tu." Ndilo jibu la wanaume wote wanapobanwa katikati ya mama na mke.

Mwili nao ukaanza kunibadilikia. Goti lilivimba, paja likakonda juu yake, nikawa na mguu mmoja wangu na mwingine wa mtu nisiyemjua. Asubuhi lilikuwa gumu mpaka nitembee uani raundi mbili tatu ndipo lilegee. Ngazi tatu za kanisani nilizipanda kwa upande. Kwaya ikisimama kuimba mimi nabaki nimekaa, na nilijua kabisa nyuma yangu wanasema Mama Eliza siku hizi anajiona. Lakini hakuna kilichonidhalilisha kama choo. Choo chetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa, na mtu mzima ukishindwa kuchuchumaa hata msaada huwezi kuomba. Nilipunguza maji ya kunywa ili nisiende mara kwa mara. Baba Eliza hakuniuliza kitu. Alichukua ubao wa mninga aliokuwa ameutunza kwa ajili ya mlango, akanitengenezea kiti chenye tundu katikati, akakiweka chooni, akaenda zake kwenye mizinga. Nilikaa juu ya kile kiti nikalia.

Vidonge vya maumivu nilivimeza karibu mwaka mzima. Vikaniumiza tumbo, goti likabaki na mambo yake. Mwishowe nilikwenda mjini, nikapigwa picha, nikaambiwa goti limesagika. Daktari aliyenipokea alikuwa mama mmoja mpole, anayeongea taratibu, na yeye na wenzake walikuwa wakiwafuatilia watu wenye magoti ya namna hiyo. Alinieleza kwamba kuna gegedu, kitu laini kinachofunika ncha za mifupa. Likilika, chembechembe zake hupita kwenye damu na nyingine hutoka na mkojo. Wao huzipima. Wanaziita viashiria. Picha inaonyesha kilichokwisha kuharibika, alisema, ila viashiria vinaweza kuonyesha kama uharibifu unaendelea sasa hivi, na kwa kasi gani. Nilipenda neno lile, kwa kasi gani. Mtu ukiwa na shamba unataka kujua hilo tu, umebakiwa na misimu mingapi.

Mara ya kwanza kupimwa viashiria hivyo ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado hazijaisha. Tulikaa kwenye benchi watu kumi na mbili, wanawake tisa, na kila mlango ukifunguliwa sote tunainua vichwa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba wagonjwa wa magoti wanatambuana kabla ya salamu. Wanatazamana wanavyokaa. Mwenzangu wa pembeni, mama wa kutoka Lusu, alinionyesha jinsi ya kujiinua kwa kusukuma ukingo wa benchi kwa kiganja badala ya kuvuta kwa mkono. Mpaka leo nafanya hivyo.

Nesi Mwajuma ndiye aliyekuwa akituchukua damu na kutupa vikopo. Msichana mchangamfu, shikamoo yake unaisikia toka getini. Siku ile nilitoa kila kitu pale pale hospitalini. Kisha akanipa kikopo chenye mfuniko mwekundu na kibegi cha kuweka barafu. "Mama, safari ijayo uje na mkojo wa asubuhi kutoka nyumbani. Ule wa kwanza kabisa, ukiamka tu, kabla hujatembeatembea wala hujashika jembe."

"Unapelekwa wapi?" niliuliza.

"Unagandishwa hapa, halafu unapelekwa Dar kupimwa. Majibu yanachukua muda, mama yangu, usikate tamaa."

Nilirudi nyumbani nikawasimulia wakati wa kula. Mayu aliacha tonge. "Mkojo wako unakwenda Dar?"

"Ndiyo, Mayu. Wanapima goti."

"Goti liko hapa. Mkojo uende Dar kufanya nini?" Akamgeukia mwanawe. "Nywele za watoto wake nimezichoma mimi mwenyewe. Vitovu vyao nimevizika mimi hapo nyuma ya nyumba. Kitu cha mwili wa mtu hakitoki nyumbani kikaenda kwa watu usiowajua. Na wewe unamwangalia tu."

Baba Eliza alisema dunia imebadilika. Mimi nilisema neno baya zaidi. Nilisema kama kuna mtu ana hofu na mkojo wangu basi anunue goti jipya aniletee. Mayu aliosha mikono akaondoka, na hatukulizungumza tena.

Mara ya pili ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa baridi, wakati wa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na asali. Nyumba nzima ilikuwa inanata. Baba Eliza amerina, ndoo zimejaa chumba cha nje, masega yanachujwa, nyuki wamefuata mpaka mlangoni. Niliamka alfajiri, nikafanya kama nilivyoelekezwa, nikafunga kikopo, nikakiweka kwenye kibegi jikoni karibu na mtungi. Kisha nikaingia kuoga. Kuoga kwangu siku hizo ilikuwa shughuli, kuinua mguu, kukausha mguu, kuvaa, nusu saa nzima inapita. Nikachukua kibegi changu, nikapanda gari.

Nesi Mwajuma alichovya kijiti kwenye kikopo, akakunja uso. "Mama, huu una sukari nyingi sana. Umewahi kuambiwa una kisukari?"

Sijawahi. Akanitoboa kidole, akapima damu. Sukari yangu ilikuwa sawa kabisa. Tukatazamana. Ndipo mimi, kwa akili zangu zote, nikapiga kofi pajani nikamwambia kwamba nyumbani kwetu ni kwa mrina asali, kila kitu kina asali, hata mfuniko wa mtungi una asali, kikopo hakiwezi kupona. Akacheka. Mimi nikacheka kumzidi. Akaandika kwenye karatasi kwamba chombo kiliingiwa na asali.

Siku ile niliporudi Mayu alikuwa anaanika michembe uani. Aliuliza kama nimefika salama, na kama kuna chochote nilichosikia mwilini baada ya kuwaachia kile kitu. Nilimjibu sijasikia chochote. Sukari sikuitaja, wala sikuwa na sababu ya kuitaja. Hatukuwa na mazungumzo marefu wakati ule, mimi na yeye.

Mwezi wa tisa, jua kali, majani yameisha, nikaenda mara ya tatu. Kijiti kikasema sukari. Kidole kikasema hapana. "Asali tena, mama?" nesi aliuliza, na safari hii hakucheka sana. Nikasema asali iko ndani mwaka mzima, mwanangu, huijui nyumba ya mrina. Alinitazama kidogo, kisha akasema atamwambia daktari.

Daktari aliniita ndani. Majibu ya mwezi wa sita yalikuwa yamerudi. Alikuwa na karatasi yenye mstari, nukta ya kwanza chini, nukta ya pili juu kabisa. Alisema damu yangu inaonyesha goti limetulia, ila mkojo unaonyesha gegedu linalika kwa kasi kubwa, na vitu hivyo viwili kwa kawaida havipishani kiasi hicho. Alisema tusiogope, tusubiri ya mwezi huu. Mimi nilisikia neno kasi kubwa tu. Mengine yote yalipita kando.

Miezi mitatu iliyofuata ndiyo mibaya kuliko yote niliyoishi na goti hili. Niliamua kwamba nimekwisha. Nililiacha shamba langu la tumbaku, nikampa shoga yangu alilime. Mazoezi niliyofundishwa, kufunga kilo ya chumvi kwenye kifundo cha mguu na kuuinua nikiwa nimekaa, nikayaacha, maana niliona namwagilia mti uliokufa. Goti nalo likauma zaidi. Sijui kama lilikuwa linauma kweli au lilikuwa linanitii. Nilinenepa, nikawa mkali, nikamgombeza Baba Eliza kwa kutembea kwa kelele. Mvua za kwanza zilipokuja, wanawake walikwenda porini kuokota uyoga, na niliwasikia wakicheka njiani. Nilifunga mlango.

Mayu bado alikuwa akinipa mgongo nikimsalimia. Nikaona basi, hata kifo cha goti langu hakimlegezi. Siku moja nilimsikia akimwuliza mwanawe kwa Kinyamwezi, "Wamemwambia nini huko?" Baba Eliza akamjibu kwamba mkojo unasema goti linakwisha. Nilimsikia Mayu akiweka kapu lake chini. Kisha akasema, "Mkojo unasema hivyo?" Nilidhani anafurahi. Mungu anisamehe, hilo ndilo nililodhani.

Mwezi wa kumi na mbili nikaenda na kikopo changu mara ya nne. Majibu ya mwezi wa tisa yalikuwa mabaya kama yaliyotangulia. Daktari hakunionyesha mstari. Alinipa kikopo kingine, kipya, akanionyesha choo cha wagonjwa, akaniomba mkojo mwingine pale pale. Nesi Mwajuma akavichovya vyote viwili mbele yangu, kimoja baada ya kingine. Kile cha nyumbani, kijiti kiligeuka rangi mara moja. Kile cha hospitali, hakuna kitu.

"Mama Eliza," daktari alisema, "huu wa nyumbani si wako. Na nafikiri hata ile miwili ya nyuma haikuwa yako. Nyumbani unaishi na nani?"

Nilipanda gari nimejaa hasira. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara imejaa tope, na njia nzima nilikuwa namhukumu mume wangu. Nilimkuta uani anarekebisha mzinga. Nikamwuliza kwa sauti ambayo majirani waliisikia, kwa nini anaweka mkojo wake kwenye kikopo changu.

Alisimama na nyundo mkononi. "Mkojo wangu nikuwekee wewe wa nini?"

"Basi ni nani? Jini?"

"Usimgombeze," Mayu alisema kutoka mlangoni kwake. "Ni wangu."

Alisema kwa utulivu, amesimama amenyooka. Alisema kila nilipoingia kuoga alikwenda jikoni, akaumwaga wangu shimoni, akaweka wa kwake. Baba Eliza alikaa chini kwenye mzinga. Mimi nilisema maneno mengi. Nilimwambia amenitesa, nimeacha shamba, nimekaa miezi najiona marehemu, yote kwa sababu yake.

Alinisubiri nimalize. "Sikujua kama mkojo unasema," alisema. "Nilijua unabebwa tu. Mtu akichukua kitu cha mwili wako akakipeleka mbali, huwezi kujua atakifanyia nini. Wewe una watoto, una wajukuu wanakuja. Mimi nimeshakula chumvi. Nikasema kama kuna baya, linikute mimi."

Nikamwuliza tena, kwa sauti ndogo safari hii, kwa nini basi ananipa mgongo kila asubuhi kama mtu aliyenichukia. Alionekana kushangaa. "Ulikuwa unahangaika kuteremka. Nikiwa nakutazama utajilazimisha. Nikaona nisikutazame."

Nilimwamini hapo hapo? Hapana. Miaka miwili ya kununiwa haifutwi na sentensi moja. Nilikwenda jikoni nikakaa peke yangu, nikifikiria kikopo, na ndipo lile la sukari liliponijia. Nilitoka nikamwuliza kama anaamka kwenda haja mara nyingi. Akasema ndiyo, uzee. Kama ana kiu. Ndiyo, joto. Nikamwambia anionyeshe miguu. Alikataa. Baba Eliza akapiga goti mbele ya mama yake, akamvua kiatu cha raba alichokuwa akivaa muda wote, na chini yake kulikuwa na kitambaa, na chini ya kitambaa kulikuwa na kidonda kwenye kidole kikubwa. Alikuwa amejikwaa kwenye kisiki mwezi wa saba. Alikuwa akikipaka asali.

Tulimpeleka mjini kesho yake asubuhi. Sukari yake ilikuwa juu sana. Nesi Mwajuma alipoona jina la ukoo na kijiji alinitazama, nami nikatazama chini. Tulikuwa tunaijua sukari ile tangu mwezi wa sita, yeye na mimi. Tuliichekea. Sikumlaumu na silaumu hospitali yoyote, maana aliyeleta hadithi ya asali ni mimi, tena mara mbili, na mara ya pili aliniuliza vizuri kabisa nami nikamjibu kwa kiburi.

Tulikaa wodini wiki tano. Mimi ndiye niliyekuwa naye, kwa sababu Baba Eliza aliona aibu kukaa kwenye wodi ya wanawake. Nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake mara ya kwanza, nikashindwa kuamka, wauguzi wakaniletea kiti chenye mikono, nikawa nalala hapo. Wema mdogo kama ule mtu hausahau. Mayu aliongea nami zaidi katika wiki tano kuliko katika miaka thelathini. Aliniambia alivyoolewa. Aliniambia Baba Eliza alichelewa kutembea na watu wakamcheka, kizazi cha wapagazi kina mtoto asiyesimama. Mazoezi yangu ya chumvi nilianza tena pale wodini, yeye akinihesabia kwa Kinyamwezi, na nikidanganya hesabu ananirudisha mwanzo.

Kidonda hakikusikia dawa. Walisema wakate mguu chini ya goti, na kwamba wakiuacha utamwondoa. Baba Eliza alilia mbele ya daktari. Mayu alikataa, akakataa tena, akakataa mbele ya mchungaji. "Nizikeni na miguu yangu yote miwili," alisema. Nilimsihi kwa kila neno nililokuwa nalo. Nilimwambia mimi hapa naishi na mguu mmoja na nusu na bado nipo. Alicheka akanishika mkono. Siku ya tatu baada ya hapo homa ilipanda, akaacha kutujua, na mwisho wa mwezi wa kwanza, mchana, mvua ikiwa imekatika kidogo, alifariki. Tukamrudisha nyumbani, barabara ya Ulyankulu, na tope lile lile.

Kwa wenzangu, nina machache ya kusema. Goti la kusagika halikuui. Litakunyima vitu vingi, kisha litakurudishia baadhi, ukilifanyia mazoezi hata siku usizotaka. Kikopo chako kilinde, kikae mkononi mwako mpaka ukikabidhi. Kipimo kikikupa jibu la ajabu, usikimbilie kulitafutia maelezo ili uwahi gari, kaa chini uulize. Na ukienda kupimwa, na nyumbani una mzee, mwambie mnakwenda wawili. Atakataa. Mwambie tena. Mimi sikumwambia hata mara moja, na sababu yenyewe ilikuwa kwamba nilidhani hanipendi.

Mwezi wa tatu nilirudi hospitalini, mwaka umetimia. Vipimo vyangu halisi, vya damu na vya mkojo nilioutoa pale pale, vilionyesha goti linalika polepole sana. Daktari alisema nina misimu mingi mbele yangu, nirudi shambani kwa kiasi, nikalime nimekaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimesubiri maneno hayo mwaka mzima. Niliyapokea kama mtu anayepokea barua ya mtu mwingine.

Alikuwa na karatasi yenye ule mstari. Alisema zile nukta mbili za juu watazitoa kwenye jalada langu kwa sababu hazinihusu. Nikamwomba kabla hajazitoa anisomee zinasema nini kuhusu mwenye mkojo ule.

Alisema mkojo hausemi ni kiungo gani, unaweza kuwa goti, nyonga au mgongo. Lakini alikuwa amemwona Mayu wodini, na magoti yake yote mawili yalikuwa yamevimba na kupinda. Kwa namba hizi, alisema, magoti yale yalikuwa mabaya kuliko la kwangu, tena kwa mbali sana. Aliuliza kama hakuwa akilalamika.

Nikasema hapana. Nikamwuliza, mtu mwenye magoti hayo anaweza kuchuchumaa?

"Anaweza," daktari alisema. "Lakini kila mara anaumia sana."

Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye benchi na wenzangu. Jiko letu ni la mafiga, liko chini kabisa, na kuliwasha lazima uchuchumae upulize. Tangu goti langu liliponishinda, kila nilipotoka chumbani asubuhi nilikuta moto umeshawaka na maji yanachemka. Miaka miwili Mayu aliuwasha moto ule, na miaka miwili mimi niliamini anafanya hivyo kunisuta.